Mama Aliyesimamisha Basi la Watoto

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na dereva wa basi la shule anayosoma binti yangu. Dereva huyu hanipigii bila sababu, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilijua si habari ya mtoto kuchelewa. Alinisalimia, kisha akasema, "Mwandishi, yule mama wa ratiba ametutoka. Amefariki alfajiri." Nilimuuliza mazishi ni lini na wapi. Akanieleza kwamba angezikwa Alhamisi kwao, ndani kidogo ya Usagara. Nilishukuru, nikakata simu, nikabaki nimekaa kitandani na soksi moja mkononi. Mke wangu aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia. Aliniangalia tu, kwa sababu yeye alijua deni langu kwa marehemu, na alijua pia kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa ninasema nitakwenda kumwona.

Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisikia nikizungumzia masoko, takataka na wanasiasa wa mji wetu. Leo naomba mnivumilie nizungumze habari za mtu mmoja, mama ambaye wengi wenu hamkumfahamu, ingawa kuna wakati niliwachekesha kwa habari zake bila kumtaja. Nitaeleza nilivyomfahamu, kisha nitaeleza nilichomfanyia.

Miaka michache iliyopita, mtoto wa darasa la kwanza aligongwa na bodaboda pale Nyegezi. Basi la shule lilikuwa limemshusha upande wa pili wa barabara, mkabala na kwao, kama lilivyofanya kila siku. Alivunjika mguu na mpaka leo anachechemea. Wazazi tulikasirika, tukaitisha kikao, na katika kikao hicho ndipo ilipojulikana kwamba njia za mabasi yale hazikuwahi kupangwa na mtu yeyote. Kila dereva alikuwa na njia aliyorithi kutoka kwa dereva aliyemtangulia, akaongeza kituo hapa, akakata kona pale, kadiri wazazi walivyompigia simu. Bodi ya shule ikaamua kuajiri Mkuu wa Usafiri, mtu mwenye uzoefu, ambaye kazi yake ingekuwa kupanga njia, vituo na saa, na kuwaongoza madereva. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya wazazi, kwa hiyo nikawekwa kwenye jopo la usaili. Tulikuwa watano.

Walibaki waombaji watatu. Wa kwanza alikuwa kijana aliyesoma mambo ya usafirishaji chuoni, mwenye kompyuta na ramani ya mji iliyopakwa rangi nzuri, kila njia na rangi yake. Wa pili alikuwa afisa mstaafu wa jeshi aliyezungumza kwa sauti ya kutuamuru. Wa tatu ndiye huyu mama. Alikuwa ametoka kustaafu katika kampuni moja ya mabasi ya mikoani, alikoanza kwa kukatisha tiketi stendi na kumaliza akiwa mpangaji mkuu wa ratiba. Aliingia na kitambaa kichwani, mkoba wa mkononi, na daftari kubwa la jalada gumu. Alikuwa Msukuma wa Misungwi, na herufi r ilimshinda, alisema "latiba". Mjumbe mmoja aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mama yule aliliona tabasamu lile. Alitulia tu, akaendelea.

Tuliwauliza wote watatu swali moja: ni kosa gani kubwa umewahi kufanya kazini? Kijana alisema tatizo lake ni kupenda kazi kupita kiasi. Afisa alisema hakumbuki kosa. Mama yule alilifunga daftari lake, kisha akatueleza. Zamani, kabla ya daraja kubwa kujengwa, mabasi ya kwenda Geita yalikuwa yanavuka kwa kivuko pale Kigongo. Abiria walikuwa wakilalamika kwamba basi la kampuni yake hufika wakati kivuko kimeshaondoka, wakabaki juani. Mwenye kampuni alimtaka aipange ratiba upya ili basi liwahi. Akaipanga. Hakubadilisha saa ya kuondoka mjini, kwa sababu abiria wangelalamika tena. Alipunguza tu dakika za kutoka Usagara hadi Kigongo. Mwezi wa pili, basi lilipinduka kwenye kona likikimbilia kivuko. Dereva alikufa, na mwalimu mmoja mwanamke aliyekaa nyuma yake.

"Polisi waliandika kwamba dereva alikwenda mwendo kasi," alituambia. "Ni kweli. Lakini mwendo ule nilimpa mimi. Niliuandika kwa mkono wangu."

Alipotoka, tulijadiliana. Mimi nilisema wazi kwamba siwezi kumkabidhi watoto mtu ambaye ratiba yake iliua. Nilisema pia, na haya nayakumbuka neno kwa neno, kwamba mtu anayekiri kosa kubwa hivyo kwenye usaili hajui usaili ni nini. Niliipigia kura ramani ya rangi. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa mabishano, alisema jambo moja tu. "Wale wawili sijui wanaogopa nini. Huyu najua." Kura zikawa tatu kwa mbili. Akapata kazi.

Wiki mbili za kwanza hakugusa ratiba. Alitembea. Asubuhi alipanda basi pamoja na matroni anayewahudumia watoto, akahesabu nani anapanda wapi na kushuka wapi. Mchana alirudi kwenye njia zilezile kwa miguu, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, mpaka huku kwetu upande wa Usagara, ambako watu tulihamia kwa sababu viwanja vilikuwa bado vinapatikana. Jumamosi moja aligonga geti langu. Nilidhani amekuja kuonana na mimi mjumbe wa kamati, nikamkaribisha kwenye kochi. Akasema, "Asante baba, nitakaa baadaye. Nimekuja kwa huyu." Akamwonyesha binti yangu, wakati huo akiwa darasa la pili. Wakatoka wote wawili mpaka barabarani, barabara yetu ya vumbi ambayo malori ya kokoto hupita mchana kutwa. Nikawafuata.

"Asubuhi unasimama wapi?" alimuuliza.

Mtoto akavuka barabara, akasimama ng'ambo, kando ya mtaro.

"Kwa nini huko, na nyumbani ni huku?"

"Kuna mbwa wa jirani," mtoto akajibu. "Asubuhi wanakuwa hawajamfunga."

Mama akaandika kwenye daftari. Kisha akanigeukia. "Baba, ulilijua hili?"

Sikulijua. Kila asubuhi binti yangu alivuka njia ya malori mara mbili, kwenda kumkwepa mbwa na kurudi kupanda basi, na mimi nilikuwa ndani natafuta funguo za gari. Nilimwambia kwamba anayemtoa mtoto nje ni dada wa kazi. Akasema, bila ukali wowote, "Nakuomba kesho kutwa umtoe wewe. Siku moja tu. Halafu nenda kwa jirani yako mzungumze habari ya mbwa." Nilifanya vyote viwili. Na Jumatatu ile, nikiwa nimemshika mtoto mkono, lori lilipita karibu kiasi kwamba vumbi lake lilinijaa mdomoni.

Ratiba yake mpya ilipotoka, ilikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na mjadala: hakuna mtoto atakayevuka barabara. Basi litakwenda hadi mbele, ligeuze, lirudi, limshushe kila mtoto upande wa nyumbani kwao. Safari zikawa ndefu. Watoto wengine walifika nyumbani robo saa baadaye kuliko zamani, wengine zaidi. Wazazi wakanung'unika, lakini kumbukumbu ya yule mtoto wa Nyegezi ilikuwa bado mbichi, wakavumilia. Madereva nao wakaanza kumpenda, jambo ambalo sikulitarajia, maana alikuwa mkali kwao. Baadaye nilielewa sababu. Kabla yake walikuwa wanaongozwa na simu za wazazi sitini. Sasa waliongozwa na mtu mmoja.

Ndipo ikaja siku ya mvua. Ilikuwa masika, mvua ilianza kabla ya saa nane mchana na haikukata. Kutoka lami kuja mtaani kwetu kuna korongo, na juu yake daraja dogo la saruji lisilo na kingo. Basi lilipofika pale, maji yalikuwa yanapita juu ya daraja. Dereva alimpigia simu mama yule. Naye alikuja kwa bodaboda, amevaa koti la mvua linaloburuza, akayatazama maji, akaamuru basi lirudi lami, liegeshwe kwenye uwanja wa kanisa na lisubiri. Aliwanunulia watoto mkate na maandazi dukani, akakaa nao ndani ya basi. Walisubiri mpaka maji yakapungua na saruji ikaonekana. Watoto ambao hufika nyumbani saa kumi walifika saa moja kasoro, wamelowa, wamechoka, wadogo wakilia.

Daraja halikuvunjika. Halikutikisika hata kidogo. Wakati basi limesimama kanisani, bodaboda zilikuwa zinavuka, na magari mawili madogo yalivuka pia. Mmoja wa watu waliokuwa kwenye magari yale ni jirani yangu, ambaye jioni ile alisimulia kwa majivuno mtaani kote.

Kikao cha wazazi kiliitishwa Jumamosi. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyekaa ofisini mchana mzima akiambiwa kwenye simu kwamba mwanawe hajafika. Nilisimama. "Mama," nilisema, "bodaboda zilivuka. Magari yalivuka. Daraja liko palepale, tumepita juu yake leo kuja hapa. Tuambie, uliwaweka watoto wetu kwa muda wa saa tatu kwenye mvua kwa sababu gani?" Watu wakapiga makofi.

Alisimama polepole. "Sikujua kama lingehimili, baba," alisema. "Dereva hakujua. Na wewe hukujua. Ndiyo sababu."

"Lakini limehimili."

"Ndiyo. Nashukuru Mungu. Nilaumuni kwa kuwachelewesha, lawama hiyo ni yangu."

Akakaa. Jibu lake lilikuwa fupi mno kwa hasira tuliyokuwa nayo, tukaona ni kiburi. Na kama maneno ya kikaoni hayakutosha, wiki ile nilirudi ofisini nikaandika kwenye safu hii. Baadhi yenu mtakumbuka makala ile kuhusu woga unaojiita uangalifu. Niliandika kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwamba hatuwezi kuendesha shule, wala mji, kwa mishtuko ya watu walioumwa zamani. Sikumtaja jina, lakini kila mzazi wa shule ile alijua, na yeye alijua. Tena siri ya usaili, aliyotueleza kwa uaminifu watu watano ndani ya chumba, niliigeuza kuwa kichekesho. Barua nyingi zilikuja kunipongeza.

Mwisho wa mwaka mkataba wake haukuongezwa. Bodi ilisema ni kwa sababu ya malalamiko ya wazazi. Muda mrefu baadaye mwalimu mkuu aliniambia, bila kunishutumu, kwamba kwenye faili lililopelekwa bodi palikuwa na ukurasa wa gazeti umekunjwa mara mbili. Ulikuwa ukurasa wangu.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, Butimba, Jumapili, watu wakitoka ibadani. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki nje ya kanisa akimsubiri mwanawe alete gari. Alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilala juu ya mapaja kama kitu alichoshikishwa akilinde. Nilimsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwandishi." Maneno yalimtoka taratibu, lakini akili ilikuwa timamu. "Binti hajambo? Siku hizi anasimama upande wa nyumbani?"

Nikasema hajambo, na anasimama upande wa nyumbani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema, "Makala yako niliisoma. Unaandika vizuri." Akapumzika. "Ila ungeniuliza kwanza. Ningekueleza."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kuomba radhi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ninaishi kwa kuandika maneno, sikuyakosa. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi ni mtu ambaye watu hunifahamu, nikaona haya. Nikamwambia kwamba nitakuja nyumbani tuzungumze vizuri. Akasema, "Karibu, baba. Nipo tu." Sikwenda. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Kutoka kwangu mpaka kwake si mwendo wa nusu saa.

Alhamisi nilikwenda kuzika. Palikuwa na watu wengi kuliko nilivyodhani, madereva wa mikoani waliokuja kutoka stendi, wakatisha tiketi wa zamani, na yule mtoto wa Nyegezi, sasa msichana mrefu, akiwa na mama yake. Baada ya kaburi kufukiwa, dereva wetu wa basi la shule alinivuta kando. Aliniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile ya mvua.

"Mwandishi, siku ile nilikuwa ninavuka," alisema. "Nilikuwa nimeshaweka gia."

Nilimuuliza kwa nini, maji yakiwa yanapita juu.

"Simu. Wazazi walikuwa wananipigia mfululizo, uko wapi, umefika wapi, mbona huleti watoto. Niliogopa maji, sikufichi. Lakini niliwaogopa nyinyi zaidi." Akatazama chini. "Nikasema ngoja nimpigie mama kwanza, anipe ruhusa tu. Akaniambia, zima gari. Wakigomba, usiwaambie habari ya barabara, waambie ni mimi nimekataa. Nilipozima, nililia. Matroni aliona."

Sikumuuliza ni wazazi gani walimpigia. Sikuhitaji. Nilimpigia mara tatu mchana ule, na mara ya tatu nilimfokea.

Nimefikiri sana tangu Alhamisi. Kuna kazi ambazo matunda yake yanaonekana: mwashi ana ukuta, mvuvi ana samaki, hata mimi nina ukurasa. Na kuna kazi ambayo ikifanywa sawasawa, hakuna kinachotokea. Mtoto anafika nyumbani, anavua viatu, anaomba chakula. Hakuna habari ya kuandika hapo. Kwa hiyo mtu wa kazi hiyo tunamkumbuka pale tu anapotuchelewesha, na tunamhesabia dakika tulizozipoteza kwa sababu hizo tunaziona. Zile alizotuokolea hatuna namna ya kuziona. Mpaka leo sijui kama basi lile lingevuka salama. Pengine lingevuka, kama gari la jirani yangu lilivyovuka. Huko kutokujua ndiko alikotaka tukuheshimu, na sisi tukataka kumwadhibu kwa sababu yake.

Nimefikiri pia juu ya usaili ule. Tunapotafuta wakuu wa kazi zinazobeba roho za watu, tunavutiwa na asiye na doa. Lakini mtu aliyekosea, akalitazama kosa lake bila kumtupia mfu aliyekuwa nyuma ya usukani, akakaa nalo miaka yote hiyo, huyo amesoma kitu ambacho hakuna chuo kinachokifundisha. Methali niliyomtupia nilikuwa nimeisoma nusu. Aliyeumwa na nyoka hushtuka, ni kweli. Lakini katika jopo lile la watu watano, na katika ukumbi ule wa wazazi, ni yeye peke yake aliyewahi kumwona nyoka.

Basi naandika hapa, mahali palepale nilipomdhihaki: nilikosea. Nilimhukumu bila kumuuliza, nikatumia ungamo lake kama silaha, nikachangia kumtoa katika kazi ambayo mwanangu aliihitaji kuliko mimi nilivyoweza kuelewa. Wanawe wamenisamehe, nimewaendea. Yeye hawezi tena kunijibu, na radhi isiyoweza kujibiwa humpunguzia mzigo aliyeiomba, haimfikishii kitu aliyekosewa. Kama na wewe msomaji una mtu wa namna hiyo, ambaye kila siku unasema utakwenda, usisubiri kupata maneno mazuri. Mimi nilikuwa nayo. Nenda akiwa bado anaweza kukukatalia.